Nyumba Tuliyoiweka Sokoni Kabla Hatujaiacha

Tuliishi katika nyumba ile miaka 19, na tuliitangaza kuuzwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikaa sokoni wiki 14, wakaja kuiona watu 31, na hakuna hata mmoja aliyeinunua. Mara ya pili mnunuzi alipatikana siku ya 23. Nyumba ilikuwa ileile na mtaa uleule. Kati ya mara hizo mbili ulipita karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo tulijifunza mambo ambayo natamani mtu angetuketisha akatuambia kabla hatujapiga simu ya kwanza kwa dalali.

Kwetu swali la kuuza lilianzia kwenye ngazi. Goti la mume wangu lilianza kumsumbua, na vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu. Watoto wetu 3 walishahamia makwao. Vyumba 2 vilibaki na vitanda visivyolaliwa na mtu, lakini nilivifagia kila wiki, na kila mwaka tuliwalipa mafundi wa kuvitunza. Tuliyaona yote hayo kwa karibu miaka 4 bila kuyataja kwa sauti. Mmoja akianza, mwingine alibadilisha mazungumzo.

Kilichotusogeza ni daftari. Jioni moja mume wangu alifungua ukurasa, akapiga mstari katikati. Kushoto aliandika gharama za kubaki kwa miaka 5 ijayo: paa lililokuwa limechoka, mabomba ya zamani, bima, kodi ya jengo, na kazi ya kukigeuza chumba kimoja cha chini kuwa cha kulala chenye bafu. Kulia aliandika gharama za kuuza: kamisheni ya dalali, ada ya mwanasheria, kodi ya faida, ukarabati, kuhama, na pango la miezi michache iwapo tungeuza kabla ya kupata pa kwenda. Upande wa kulia ulitushtua. Ulikaribia asilimia 9 ya bei tuliyokuwa tukiiota. Tulikuwa tunaihesabu bei ya nyumba kana kwamba yote itaingia mfukoni mwetu, na nadhani wengi huhesabu hivyo. Fanya hesabu hiyo kabla hujafanya jambo jingine lolote. Ulizia na kodi mapema: katika nchi nyingi faida ya kuuza nyumba hutozwa kodi, ila nyumba uliyoishi mwenyewe mara nyingi hupewa nafuu, na stakabadhi za maboresho uliyoyafanya zinaweza kupunguza kiasi unachodaiwa. Sisi zetu nyingi tulikuwa tumezitupa.

Hata kwa gharama hizo, hesabu ilisema tuuze. Mume wangu akanitazama, nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu ya goti lake. Moyoni sikuwa nimekubali, na hilo sikumwambia. Makosa yetu karibu yote ya mwaka ule yalitoka kwenye "sawa" ile.

Makosa hayo yalianza kuonekana kwenye bei. Tuliwaita madalali 3. Wawili walitaja bei zinazokaribiana. Wa tatu alitaja bei iliyowazidi kwa asilimia 18, nami nikampenda papo hapo. Sikumwuliza ameipataje. Nilichosikia ni kwamba kuna mtu ameithamini nyumba yangu kama ninavyoithamini mimi. Baadaye nilifahamu kwamba wapo madalali wanaotaja bei kubwa ili wapewe kazi, kisha wiki zikipita wanaanza kukushusha kidogo kidogo. Nilipaswa kumwambia kila mmoja: nionyeshe nyumba 3 au 4 zinazofanana na yangu zilizouzwa katika miezi 6 iliyopita, na bei iliyolipwa. Iliyolipwa, si iliyotangazwa. Bei ya tangazo ni matumaini tu ya mwenye nyumba mwingine.

Binti yetu, ambaye amesoma uchumi, alijaribu kunisemesha. "Mama, unaongeza bei kwa sababu ni yako," aliniambia. Akanisimulia jaribio ambalo watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walilichapisha mwaka 1990. Waligawa vikombe vya kawaida kwa baadhi ya watu, wengine hawakupewa, kisha wakawaacha wauziane. Waliopewa vikombe, ambao walikuwa navyo kwa muda mfupi tu, walidai zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kulipa. "Hicho ni kikombe cha dakika chache," binti yangu akasema. "Wewe una miaka 19." Nilimjibu kwa ukali, jambo ambalo bado linanisikitisha.

Katika wiki 3 za mwanzo walikuja watu 17. Nyumba inapokuwa mpya sokoni ndipo inapotazamwa zaidi, kwa kuwa watu waliokuwa wakitafuta kwa miezi mingi wanaiona wote kwa wakati mmoja. Hao ndio wanunuzi waliokwisha kujua bei za eneo, na ndio tuliowafukuza kwa bei yetu. Baada ya hapo simu ilinyamaza. Tulipokubali kushusha wiki ya 9, wale 17 walikwisha kwenda kwingine, na wapya walikuja na shaka: mbona imekaa muda mrefu hivi, ina kasoro gani?

Kasoro ilikuwepo. Ukuta wa sebule, upande wa nje, ulikuwa na unyevu. Kila mvua ikinyesha kwa siku kadhaa, alama ya kahawia ilijitokeza chini ya dirisha. Kabla ya kutangaza tulimwita fundi akapaka rangi mara mbili juu yake, na pesa nyingi zaidi tukazipeleka bafuni kuweka vigae vipya vya gharama, vile nilivyovitaka mimi tangu zamani. Vigae vile havikuongeza chochote kwenye bei. Wanunuzi walipita bafuni wakasema ni pazuri, wakaendelea. Lakini mwanamume mmoja alisimama sebuleni, akaweka kiganja ukutani chini ya dirisha, akakiacha pale kwa muda. Rangi ilikuwa imeanza kuvimba. Hakuuliza chochote. Alimgusa mkewe begani, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Naukumbuka uso wake kuliko wa mtu mwingine yeyote aliyefika. Hakuwa amekasirika, alikuwa tu ameacha kutuamini, na kama tulificha ukuta, angejuaje hatujaficha paa?

Nami sikuwasaidia wageni kuipenda nyumba. Niliwafuata chumba hadi chumba nikieleza: hapa mtoto wetu wa kwanza alijifunza kutembea, hapa tulikuwa tunakaa mvua ikinyesha. Nilidhani nawapa kitu cha thamani. Nilikuwa nawakumbusha kila hatua kwamba nyumba ina mwenyewe. Watu wenye mwenyeji nyuma yao husema kwa sauti ya chini, hawafungui kabati, hawaulizi wanachotaka kuuliza. Na jioni, mlango wa ngazi ukifunguliwa, mgeni alipapasa ukuta akitafuta swichi ya taa asiione, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya mlango, mahali ambapo fundi wa zamani aliiweka vibaya. Mimi nilinyoosha mkono tu, taa ikawaka.

Wiki ya 12 tulimpata mnunuzi. Alikuwa na pesa, alikubali ukuta na unyevu wake kwa bei iliyopunguzwa, na alitaka kuingia haraka. Mwanasheria wake alipokwenda kufanya upekuzi kwa msajili wa ardhi, akakuta nyumba bado ina rehani. Tulikuwa tumemaliza deni la benki miaka 6 nyuma! Barua ya kumaliza deni tulikuwa nayo, tumeihifadhi vizuri, tukadhani yametosha. Kumbe kulipa deni ni hatua moja, na rehani kufutwa kwenye daftari la msajili ni hatua nyingine, na hakuna aliyeikamilisha. Barua ya benki ilihitaji kuandikwa upya, aliyesaini ya kwanza hakuwepo tena, fomu ikarudishwa mara mbili. Mnunuzi alisubiri wiki 2, akanunua kwingine. Simlaumu.

Kwa hiyo, kabla hata hujanunua kopo la rangi, fanya upekuzi wa nyumba yako mwenyewe kama vile wewe ndiye mnunuzi. Tazama hati ina majina ya nani na yameandikwaje. Kama mmoja wa wamiliki amefariki, mirathi imekamilika? Mwenzi wako anatakiwa kutoa ridhaa kwa maandishi? Mipaka iliyoandikwa inalingana na ukuta uliojengwa? Chumba mlichoongeza kilipata kibali? Karatasi ndizo huchukua muda mrefu kuliko kazi yoyote ya fundi, na haziharakishwi kwa sababu mnunuzi anasubiri.

Tuliondoa tangazo. Usiku ule mume wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, hivi wewe unataka tuuze?" Nikalia. Nikamwambia sitaki. Tukakaa kimya, kisha akasema tubaki basi, atajifunza kuishi na ngazi. Alikuwa anamaanisha. Na ndipo kwa mara ya kwanza nikalipima jambo lenyewe, bila kupima goti lake dhidi ya moyo wangu. Nikagundua kwamba sikuwa nakataa kuuza. Nilikuwa nakataa kutoka bila kujua ninakwenda wapi. Tulikuwa tumezungumzia nyumba ya kuacha kwa miezi, na ya kuhamia hatukuizungumzia hata siku moja.

Tukaanza kwenda kutazama nyumba za chini, zisizo na ngazi, bila haraka ya kununua. Katika ya tano au ya sita kulikuwa na dirisha linalopokea jua la asubuhi, nikajiona nimeketi pale na kitabu. Hatukuinunua ile, iliuzwa kwa wengine. Lakini nilirudi nyumbani nikaona vyumba vyetu vya juu kwa jicho jingine, nikaanza mwenyewe kushusha picha ukutani. Kama mmoja kati yenu bado amesimama mlangoni akiangalia nyuma, msubirini. Miezi 3 ya kungoja ingetugharimu kidogo kuliko wiki zile 14.

Maandalizi ya mara ya pili yalichukua wiki 10, na gharama yake ilikuwa asilimia 1.5 ya bei tuliyouzia, pungufu ya tulivyotumia kwenye vigae peke yake.

Nusu ya muda huo ulikuwa wa ule ukuta. Fundi mzuri alipokuja hakugusa ukuta kwanza, alipanda juu. Mlizamu, ule mfereji unaokusanya maji ya paa, ulikuwa umepasuka kwenye maungio na maji yakishuka ukutani miaka yote ile. Akaubadilisha, akabomoa lipu iliyolowa, kisha akatuambia tusipake chochote hadi ukuta ukauke. Ulichukua wiki 5. Nilikuwa naugusa kila asubuhi. Picha za kazi hiyo tulizipiga hatua kwa hatua, tukaziweka pamoja na stakabadhi ya fundi kwenye faili la wanunuzi. Sheria za kutangaza kasoro hutofautiana sana mahali na mahali, lakini kuficha kasoro unayoijua kunaweza kukurudisha mbele ya mwanasheria hata baada ya kuuza. Zaidi ya sheria, nilichoka kuogopa viganja vya watu.

Yaliyobaki yalikuwa madogo na mengi. Koki zinazodondosha, vitasa vilegevu, bawaba zinazolia, kioo kimoja chenye ufa, balbu zilizoungua. Jambo dogo lililoharibika humfanya mnunuzi ajiulize kuhusu makubwa asiyoyaona. Tulifunga koki zote usiku, tukaandika namba za mita ya maji, na asubuhi zilikuwa zimesogea. Tukatia matone ya rangi kwenye tangi la choo bila kuvuta maji. Baada ya nusu saa rangi ikaonekana kwenye bakuli, tukajua uvujaji uko hapo. Kilichohitajika kilikuwa mpira mmoja mdogo. Jikoni, ambako dalali mmoja alitaka tubomoe tujenge upya, tulibadilisha vishikio vya makabati na bomba la sinki, basi. Mnunuzi ana ladha yake. Usimchagulie kwa pesa zako.

Vitu vilinitesa kuliko mafundi. Chumba kilichojaa huonekana kidogo hata kama kina nafasi. Tuliondoa karibu theluthi moja ya samani, na watoto tukawapa mwezi mmoja kuja kuchukua vyao. Anza na stoo na kabati ambazo hazina kumbukumbu, halafu ndiyo uguse barua na picha. Mimi nilianza na barua mara ya kwanza, nikakaa sakafuni siku nzima, nisitoe hata kimoja. Kuhusu harufu, usijitegemee. Pua huzoea harufu ya mahali inapoishi, ikaacha kuisikia. Nilimwomba rafiki yangu aingie, aniambie ukweli wote. Akasema, "Dada, zulia la ukumbini." Tulilitoa.

Dalali tulimchagua tena, safari hii mmoja wa wale wawili wa kwanza, na mkataba tuliusoma: ni wa muda gani, ni yeye peke yake au na wengine, tunalipa nini tukijiondoa. Kuna utafiti wa Steven Levitt na Chad Syverson uliochapishwa mwaka 2008, uliotazama mauzo karibu 100,000 ya nyumba katika vitongoji vya Chicago, Marekani. Waligundua kwamba dalali akiuza nyumba yake mwenyewe huiacha sokoni siku 9.5 zaidi kuliko ya mteja, na huiuza kwa bei ya asilimia 3.7 juu. Hili halina maana kwamba dalali wako ni mwizi. Bei ikipanda kidogo, sehemu inayoongezeka kwake ni ndogo mno, ilhali kazi ya kusubiri ni yake yote. Akikwambia "kubali haraka", kumbuka hilo, mwombe sababu, kisha uamue mwenyewe.

Bei tuliiweka katikati ya nyumba 4 zilizokwisha kuuzwa. Picha zilipigwa saa 3 asubuhi, jua likiingia sebuleni, mapazia wazi, taa zote zimewashwa. Hati, dawa na vitu vya thamani tuliviondoa, maana wageni wengi wangepita tusiowajua. Na walipokuja, sisi tuliondoka. Tulikaa kwenye gari mtaa wa pili, mume wangu akilinyoosha goti lake lililouma, tukingoja simu ya dalali.

Zilikuja ofa 2. Kubwa ilitegemea mkopo ambao haujaidhinishwa. Nyingine ilikuwa chini kwa asilimia 2, ila mnunuzi alikuwa na barua ya benki mkononi. Tulichukua ya pili, na mpaka leo sijajutia asilimia zile 2. Amana ilikaa kwa mwanasheria. Namba za akaunti tulizithibitisha kwa kumpigia kwa namba tuliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwa sababu matapeli huingilia barua pepe za mauzo ya nyumba na kutuma akaunti yao siku za mwishoni. Hatukutoa funguo hadi pesa zilipoonekana, na tarehe ya kukabidhi iliandikwa ndani ya mkataba, haikuachwa kwenye maneno.

Siku ya kukabidhi tulisoma mita pamoja na mnunuzi, tukapiga picha za namba. Nilimwachia karatasi mbili nilizoziandika kwa mkono: valvu ipi inafunga maji ya juu, dirisha lipi linataka kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa, fundi aliyetengeneza mlizamu anapatikanaje, funguo ipi ni ya nini. Nilizisoma mara 3 nisisahau kitu.

Wiki 3 baadaye alinipigia usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kidogo. "Samahani mama kwa kukusumbua saa hizi. Nimetafuta kila mahali. Taa ya ngazi inawashiwa wapi?"

Nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa nyumba yetu mpya, isiyo na ngazi. Kabla sijamjibu, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha kunyooka nyuma ya mlango, ukipapasa ukuta mtupu.